Nilivyopata gia sahihi ya spidomita ya pikapu yangu ya zamani

Pikapu yangu ni ya enzi za spidomita ya waya. Nyuma ya giaboksi kuna gia ndogo inayozungushwa na shafti, nayo inazungusha waya unaopanda hadi kwenye dashibodi. Nilipoinunua ilikuwa tayari imevalishwa tairi za inchi 31 badala ya zile za inchi 28 za kiwandani. Mshale ukiwa kwenye 90, GPS ya simu ilisema 100. Pengo hilo ni kubwa, na ni la hatari.

Wengi wakiona mshale unadanganya hukimbilia gia. Mimi nilianza na kihesabu kilomita, na naamini hapo ndipo kazi yote inapoamuliwa. Mshale huvutwa na sumaku inayozunguka huku springi laini ikiuzuia. Springi ikichoka au sumaku ikififia, mshale unakosea peke yake. Kihesabu kilomita hakitegemei sumaku, kinaendeshwa jino kwa jino kutoka kwenye waya. Kwa hiyo kikiwa sahihi huku mshale ukikosea, ubovu uko kwenye saa ya spidomita yenyewe, na gia mpya itaharibu hata kile kilichokuwa kizima. (Mshale unaorukaruka ni jambo jingine kabisa: mara nyingi waya umekauka grisi au umepinda.)

Nilienda kilomita 50 za GPS, kihesabu kikaandika 45.2. Mshale na kihesabu vilipungua kwa kiwango kilekile, na 28 ukigawa kwa 31 unapata 0.90. Hapo nikajua ni gia.

Niliichomoa ya zamani, nikaitia jino moja alama ya rangi na kuhesabu hadi nikarudi palepale: meno 20. Hesabu ni kuzidisha meno hayo kwa kile dashibodi inachosoma, kisha kugawa kwa mwendo halisi. 20 mara 90, gawa kwa 100, ni 18. Meno yanapungua kwa sababu gia yenye meno machache huzunguka haraka zaidi shafti ikizunguka vilevile, na mshale unapanda. Kama jibu lingeangukia katikati ya namba mbili, ningechukua yenye meno machache, maana afadhali mshale uzidishe kidogo kuliko upunguze.

Dukani usinunue kwa rangi. Gia za plastiki hutofautishwa kwa rangi, lakini kila mtengenezaji ana mpango wake. Hesabu meno, linganisha urefu wa mhimili wake, na uhakikishe meno yamelalia upande uleule. Angalia pia kasha lake: gia ya meno machache ni nyembamba kidogo, na baadhi ya makasha yana tundu lisilo katikati, hivyo lazima yageuzwe mpaka namba ya meno iliyoandikwa ukingoni ikae mahali pake. Ukipuuza hilo, gia italika mapema.

Kufunga kulikuwa kwepesi. Nilisafisha tope kwanza, nikaweka oringi mpya (pete ya mpira ya kuzuia mafuta kuvuja), nikaisukuma gia kwa mkono huku nikizungusha propela, shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma, taratibu hadi meno yakaingiliana.

Kwenye barabara ileile kihesabu kilisoma 50.2. Kwa kuwa siku zote kilikuwa kikimeza karibu kilomita moja katika kila kumi, nilirekebisha daftari la sevisi na kumwaga oili ya injini kabla ya kilomita zilizokuwa zimeandikwa.