Suzhou, bustani nyuma ya kuta

Sisi tunaoishi Shanghai tunaijua sana njia ya kazini na ya dukani, lakini Suzhou iko nusu saa tu kwa treni ya mwendokasi na wengi wetu tunarudi nyumbani hatujaiona. Wikiendi iliyopita nilichukua pasipoti, maana bila hiyo tiketi hupati, nikaenda.

Ni mji wa mifereji na bustani za kale. Kando ya mtaa wa Pingjiang nyumba nyeupe zenye vigae vyeusi zimejengwa hadi ukingoni mwa maji, na kila baada ya hatua chache kuna ngazi ya mawe inayoshuka mferejini. Bustani zenyewe huzioni. Unapita ukuta mrefu mtupu, unaingia mlango wa kawaida kabisa, ndipo unakuta dunia nyingine. Mtu wa Unguja hapotei hapo: nyumba zetu za Mji Mkongwe nazo zinaupa mtaa mgongo, raha yote iko uani.

Nilianza na bustani ya Zhuozheng Yuan kwa kuwa ndiyo inayosifiwa zaidi. Wang Xianchen, ofisa wa enzi ya Ming aliyeachana na utumishi, aliianza mwaka 1509. Mwanawe akaja kuipoteza kwenye kamari. Ina zaidi ya hekta 5, na umati wa watalii na vipaza sauti vyao unachosha. Hata hivyo, simama upande wa mashariki wa bwawa utazame magharibi: mnara wa hekalu la Beisi, ulio nje kabisa ya bustani, unaonekana umesimama juu ya maji kama vile ni wa humo humo. Miti imeachiwa nafasi kwa makusudi ili jicho lifike huko.

Bustani ya Shizilin, ya mwaka 1342, nilipita haraka. Watoto walikuwa wakipanda na kushuka kwenye mapango yake ya mawe kwa furaha kubwa.

Bustani iliyonishika moyo ni Wangshi Yuan. Nusu hekta tu, pamoja na nyumba! Bwawa lake ni dogo, ila kingo zake zimeingizwa chini ya miamba, hivyo huoni maji yanakoishia na unadhani yanaendelea. Kwenye kona moja kuna kidaraja cha mawe cha upinde, unakivuka kwa hatua tatu. Nilikivuka, nikarudi, nikakaa upande wa pili kukitazama: kwa sababu chenyewe ni kidogo mno, bwawa linaonekana ziwa. Fundi aliyekipima alijua anachofanya, na mimi namheshimu.

Ndani zaidi kuna ua wa Dianchun Yi. Dirisha moja limefunguliwa ukutani, nyuma yake wamepanda mianzi michache na kusimamisha mawe ya ziwa Tai, yaliyotobolewa na maji kwa karne nyingi. Fremu ya dirisha inageuza vitu hivyo kuwa picha, na picha inabadilika jua linaposogea. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilijenga nakala ya ua huu kwa mikono ya mafundi wa Suzhou, likaifungua mwaka 1981.

Sikufika mji wa Taicang, ambao leo uko chini ya utawala wa Suzhou. Kwenye bandari yake ya Liujia ndipo zilipong'oa nanga meli za Zheng He, amiri wa majeshi ya bahari wa enzi ya Ming, zilizokuja kufika hadi Malindi karne ya 15. Huko lazima niende, na anayetaka kufuatana nami aniambie mapema tupange likizo.