Mshale wa Wino

Juzi binti yangu alirudi skuli akiwa ameushika mkono wake wa kushoto, kwani walikuwa wamechomwa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Alipoketi nasi uani kuchambua karafuu, aliniuliza kwa nini mimi sikuchomwa nilipokuwa na umri wake. Nilimwambia kwamba wakati wangu haikuwapo, na kwamba Tanzania ilipoanza kuwapa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, mimi nilikuwa nimekwisha kutibiwa saratani hiyo.

Safari ya Wete, Pemba hadi Dar es Salaam siikumbuki vyema. Ninachokikumbuka ni karatasi.

Daktari aliigeuza karatasi ya majibu yangu, akachora bakuli, akasema hiyo ndiyo nyonga. Ndani yake alichora mfuko wa uzazi, umbo la pera lililopinduliwa, na pembeni ovari mbili, ndogo kama kokwa za kungu. Kisha akauzungushia mchoro wote mraba mzito: hapo ndipo mionzi itakapopiga, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano. Alieleza kwamba kipimo kamili cha mionzi hufika grei 45 hadi 50, ilhali hata grei mbili hazihitajiki kuangamiza nusu ya mayai ya mwanamke, na ovari zikishakufa, mwanamke wa miaka thelathini hukoma hedhi kama wa hamsini, akapata joto la ghafla, akakosa usingizi, na mifupa ikaanza kulika mapema.

Ndipo alipochora mshale kutoka kwenye kila kokwa, ukapanda hadi nje ya mraba. Wangezipandisha ovari pamoja na mishipa yake ya damu, wazishone ubavuni juu ya nyonga, na waziwekee vibanio vidogo vya chuma ili wataalamu wa mionzi wazitambue kwenye picha. Saratani yangu haikuwa ya aina ile inayoanzia kwenye tezi, ambayo hukimbilia ovari zaidi, kwa hiyo aliona inafaa kujaribu. Hakuficha kwamba mionzi hutawanyika na kwamba huenda zisinusurike.

Mama yangu, aliyekuwa ameufuata ule mshale kwa kidole, aliuliza, "Kwa hiyo mayai yake yatasalimika, daktari?"

"Tunatarajia hivyo, mama."

Mama alisema Alhamdulillahi, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nikilitazama pera, ambalo halikuchorewa mshale wowote na lilibaki ndani ya mraba. Nilifahamu kwamba kizazi kitaungua na hakitabeba mimba tena, na kwamba kubebewa na mwanamke mwingine kwetu hakuna. Ningeweza kusema pale pale. Nilitia saini.

Nilipasuliwa, nikapata mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road na dripu ya dawa kila wiki, nikarudi Pemba. Vipimo vinaonyesha kwamba homoni zangu zipo, na mara nyingi, ninapoamka usiku nikiwa sina jasho, namshukuru Mungu kwa ule mshale.

"Lakini Bibi anasema mayai yako yalihifadhiwa," binti yangu aliendelea. "Nitapata mdogo wangu lini?"

Mama, aliyeketi upande wa pili wa jamvi, na ambaye bado ana mbeleko mbili alizozifukiza udi sandukuni mwake, aliacha kuchambua, akanitazama akingoja nijibu.