Namba 15 kwenye mgongo wa singe

Singe ile, kisu cha kuchomekwa kwenye mdomo wa bunduki, ilikaa miaka mingi juu ya kenchi, nyumbani kwa bibi, Muheza. Mjomba alitusimulia tangu utotoni kwamba ni ya vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walipowarudisha Waingereza melini. Bibi alikuwa na neno moja tu: "Baba alikuja nayo kutoka kusini." Baba yake alikuwa mpagazi wa vita.

Mwaka jana niliomba niishushe. Fundi mmoja akaniletea msasa, nikaukataa. Alama za chuma cha zamani hazina kina. Ukipiga msasa umefuta ushahidi. Nililoweka kitambaa kwa mafuta ya taa, nikafuta taratibu siku tatu, kisha nikapaka unga wa chaki na kumulika kwa tochi ya simu kutokea ubavuni. Mwanga wa kutoka juu hauonyeshi kitu.

Mwanzo wa ubapa, karibu na mpini, maandishi yakajitokeza: SIMSON & Co., SUHL. Huyo ndiye mtengenezaji, na Suhl ni mji wa mafundi wa silaha Ujerumani. Umbo nalo lilisema: ubapa wa sentimita 37 hivi, unaopanuka kuelekea ncha kama kisu cha bucha. Ni Seitengewehr 98/05, ya bunduki ya Mauser Gewehr 98.

Kilichonishika zaidi kilikuwa kwenye mgongo wa ubapa: taji, chini yake herufi W, kisha 15. Wengi huidhani ni namba ya kikosi. Sivyo. W ni Wilhelm wa Pili, mfalme wa Prussia, ufalme mmojawapo wa Ujerumani ya wakati ule. Singe ya Saxony, ufalme mwingine wa Ujerumani, ingekuwa na FA, ya mfalme wake Friedrich August. Na 15 ni mwaka silaha ilipokaguliwa, 1915. Namba ya kikosi hugongwa kwenye kile chuma cha kukinga mkono, kwa mfano 86.R.5.23: rejimenti ya 86, kombania ya 5, silaha ya 23. Yetu haina.

Nilikaa kimya muda mrefu. Silaha iliyokaguliwa 1915 haikuwapo Tanga 1914. Meli mbili za Wajerumani zilipenya vizuizi vya Waingereza na kuleta silaha: Rubens iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, na Marie ikafika Sudi, mkoani Lindi, Machi 1916. Rubens iliondoka Ujerumani mwaka ule ukiwa bado mchanga, kwa hiyo mimi naiamini zaidi Marie. Na Sudi ni kusini.

Nilipomweleza mjomba hakubisha. Aliomba chaki, akaisoma ile 15 mwenyewe. Bibi nilimshika kidole nikakipitisha juu ya taji, maana macho yake hayaoni tena.

"Si nilikwambieni," akasema. "Kusini."

Singe sasa imepakwa mafuta ya mashine, imefungwa kwenye kanga yake kuukuu.