Siku moja maishani mwangu: mkutano wa watu wa pweza, Geneva

Simu iliita saa 12 kasorobo asubuhi, kabla ya kengele niliyoitega. Mama, kutoka Tanga. Huko ilikuwa saa 2 kasorobo, na kwake mtu aliye kitandani saa hizo ni mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujaamka?"

Nikamwambia nimelala Ufaransa, ila mkutano wenyewe uko Uswisi, ni mwendo wa basi tu. Akanyamaza kidogo, nadhani anazipanga nchi hizo mbili kichwani. "Mkutano wa nini?" Miaka yote hii sijawahi kufanikiwa kumweleza kazi yangu, basi nikapita njia ya mkato: "Wa pweza, mama."

Wala si uongo mtupu. Mfumo ninaoulea kazini, chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, ni wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi kwa pamoja, na unaitwa Ceph, jina lililokatwa kutoka neno la kisayansi la ukoo wa pweza, ngisi na dome. Kila toleo lake hupewa jina la mmoja wa viumbe hao, kwa mpangilio wa alfabeti. La 15, la mwaka 2020, liliitwa Octopus, yaani pweza mwenyewe. La 19, lililotoka Septemba 2024, ni Squid.

"Kwa hiyo mwaka huu ni ngisi," nikamalizia.

"Ngisi si pweza," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyewasafisha wote wawili. Akaniambia nivae fulana mbili, akakata.

Ilikuwa Jumatano, 4 Desemba 2024, siku ya kwanza ya Cephalocon, mkutano wa watumiaji na watengenezaji wa Ceph. Safari hii wenyeji walikuwa CERN, maabara ya fizikia iliyokaa juu ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Nilipanga chumba Saint-Genis-Pouilly, upande wa Ufaransa, kwa sababu ambayo kila aliyewahi kulipia chumba Geneva anaijua.

Saa 1 na nusu nikapanda basi, jua bado. Ndani kulikuwa kimya, watu wamevaa makoti hadi masikioni. Mtu akitazama milima ya Jura upande mmoja na taa za Meyrin upande wa pili, hawezi kudhani kwamba kama mita 100 chini ya magurudumu kuna pete ya kilomita 27 ambamo chembe hugonganishwa. Ukishaingia getini unaanza kutafuta jengo lako, na hapo ndipo shida. Namba za majengo hazifuatani hata kidogo. Nilipotea mara mbili, na mara ya pili aliyenielekeza naye alikuwa amepotea.

Saa 3 kasorobo nikawa nimekaa, nikatoa chaja nichomeke, kwa sababu betri ya kompyuta yangu imezeeka, haivuki saa moja na nusu. Plagi ikagoma. Ile ya Ujerumani ni nene na ya duara. Usiku hotelini iliingia bila tabu, kwa kuwa soketi za Ufaransa zinaikubali. Soketi ya Uswisi ni kishimo chembamba chenye matundu matatu, haitaki mgeni mnene. Nikaisukuma, nikaigeuza, nikaisukuma tena kama vile ingebadili mawazo.

"Lo, mtihani huu," nikajisemea.

"Kaka, ule ni mtihani wa kila mtu," sauti ikajibu nyuma yangu. Nikageuka. Jamaa mrefu, miwani, adapta ya Uswisi mkononi. Anatoka Lubumbashi, anafanya kazi Brussels. Tukasalimiana kama ndugu waliopoteana, mpaka watu wa safu ya mbele wakageuka. Baadaye tuligundua kwamba tukifika kwenye kazi Kiswahili chetu kinaachana njia: mimi nasema faili, yeye anasema fishie, kutokana na Kifaransa. Ila diski ni diski kwetu sote.

Asubuhi iliyobaki ilikwenda kwa toleo jipya na mipango ya mbele. Sitaisimulia, mambo hayo yanasomeka popote. Kilichonikaa ni ukumbi wenyewe. Mfumo huu ulianza kama kazi ya shahada ya uzamivu ya Sage Weil pale University of California, Santa Cruz. Tasnifu yake ni ya 2007. Kampuni aliyoianzisha ikanunuliwa na Red Hat, kampuni ya programu za kompyuta, mwaka 2014 kwa dola milioni 175, na leo kuna ukumbi wa watu ambao riziki yao imetoka kwenye tasnifu hiyo, mimi nikiwamo. Wenyeji wetu wanautumia tangu 2013, hasa kwa diski za mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya seva, za wingu lao. Data ya fizikia yenyewe wanaiweka kwenye mfumo wao wenyewe, EOS. Mwaka 2023 walitangaza kwamba hifadhi yao ya diski imevuka eksabaiti moja, yaani terabaiti milioni moja, kwenye vifaa 111,000. Nikapiga hesabu pembeni ya daftari: hata kama kwa mwaka hufa kifaa kimoja tu katika kila mia, ni 1,110. Vifo vitatu kila siku, Idi na Krismasi pamoja.

Ndiyo maana Ceph haikujengwa kwa kuzuia kifo cha diski. Imejengwa kwa kukizoea. Kila kipande cha data, ukiiacha kwenye mpangilio wa kawaida, kina nakala tatu kwenye seva tatu tofauti. Na hakuna daftari kuu la kuonyesha kipande gani kiko wapi. Mifumo mingi ya zamani ilikuwa na mzee wa stoo: kila mtu anapanga foleni kwake, anafungua daftari, anakuelekeza rafu. Mzee akiugua, duka limefungwa. Hapa kila mteja ana kanuni ileile ya hesabu, CRUSH, na ramani ileile ya klasta, yaani kundi zima la seva, basi anakokotoa mwenyewe mahali pa kipande chake na kwenda moja kwa moja.

Saa 6 kasoro dakika 20 hesabu zikaacha kuwa za daftarini. Ujumbe kutoka kwa mwenzangu aliyebaki kazini: OSD namba 41 imeanguka. Kila diski ina programu yake ya kuihudumia, hiyo ndiyo OSD. Sisi tuna seva sita zenye diski 12 kila moja, na kwa kuwa tunahesabu kuanzia sifuri, 41 iko kwenye seva ya nne.

Mzungumzaji alikuwa katikati ya mchoro. Mimi nilikuwa natazama saa. OSD ikianguka, Ceph haikurupuki. Inasubiri dakika 10, maana huenda seva inajiwasha upya tu au mtu kagusa waya. Zikipita kumi bila dalili, inaitoa diski kwenye hesabu na kuanza kutengeneza nakala mpya mahali pengine. Dakika ya tatu nikamwandikia mwenzangu asiguse kitu. Ya sita akajibu kwamba kumbukumbu za seva zimejaa makosa ya kusoma, diski imekufa kweli. Ya tisa nikajikuta nimeshika pumzi, kitu cha kipuuzi kwa mtu aliyeona jambo hili mara nyingi. Ya kumi ikapita, rangi ya njano kwenye kioo ikabaki njano, na asilimia ya nakala zilizopungua ikaanza kushuka, kidogo kidogo. Diski ilikuwa na kama terabaiti 10 za data, lakini hakuna diski moja iliyobebeshwa mzigo wote: zote 71 zilizobaki zinatoa kidogo au kupokea kidogo. Kama mchango wa harusi.

Jirani yangu, mwanamke kutoka Poland, alikuwa akichungulia kioo changu bila aibu. "Mmejaa kiasi gani?" akaninong'oneza. Asilimia 62. Akaridhika, akarudi kwenye mchoro.

Swali lake lilinigusa pabaya, na sitaweza kuendelea na siku hii bila kueleza. Mwaka 2022 klasta hiihii ilikuwa asilimia 80. Ceph huanza kuonya diski ikifika 85, basi mimi nikajiona niko salama, nina nafasi ya tano nzima. Kisha seva moja katika zile sita ikafa, ubao mkuu umeungua. Hesabu ya darasa la tano: mara sita themanini ni 480, gawanya kwa seva tano zilizobaki, unapata 96. Mfumo ulipoanza kujitibu, ulikuwa unajitibu kuelekea ukutani. Kwenye 90 diski zinakataa kupokea nakala za matibabu. Watumiaji nao hawakuacha kuandika, ilikuwa wiki ya kukusanya kazi za wanafunzi. Diski moja ikagusa 95, na kwenye 95 uandishi unasimama. Si kwa diski hiyo tu. Kwa kila mtu anayetumia hifadhi hiyo. Nikapandisha mpaka wa 95 hadi 97 ili nipate kupumua na kufuta vitu, nikalala ofisini siku mbili hadi ubao mwingine ulipofika.

Hakuna data iliyopotea. Nilipoandika ripoti nilisema ubao mkuu uliungua, na ni kweli uliungua. Ile hesabu ya 480 kwa 5 sikuiandika. Aliyetakiwa kuipiga kabla ya ajali ni mimi, na ingenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama, sahani mkono mmoja na simu mkono wa pili. Alasiri nilichagua vikao vya kubana nafasi: badala ya nakala tatu nzima, unaikata data vipande vinne na kuongeza viwili vinavyokokotolewa kutokana na hivyo vinne, unapoteza vyovyote viwili na bado unaijenga upya. Terabaiti moja inakula moja na nusu badala ya tatu. Inavutia, hasa kwa wahasibu. Nikamuuliza kaka wa Lubumbashi, ambaye kazini kwao wanautumia mpango huo, kama unafaa kwa seva zangu sita. Akacheka. "Vipande vyako sita, seva zako sita. Moja ikikufa, kile kipande utakipeleka wapi?" Kweli kabisa, hakuna seva ya saba ya kukipokea. Data inasomeka, ila klasta inakaa na jeraha mpaka uitengeneze seva. Jibu hilo peke yake lililipa nauli yangu ya treni.

Saa 11 jioni, giza tena. Alasiri yote nilikuwa kati ya kusikiliza na kuchungulia asilimia, na sioni aibu, nusu ya ukumbi walikuwa wakifanya hivyohivyo. Tukatoka wanne: mimi, kaka, yule mwanamke wa Poland na Mwingereza mmoja mzee kidogo ambaye enzi zake alianzia kwenye AFS, mfumo wa kugawana mafaili wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wa miaka ya 1980. Alitumia safari nzima ya basi kutuambia kwamba kila tulichokisikia leo kimewahi kujaribiwa. Kwa sehemu ana haki. Kwa sehemu alikuwa na njaa.

Saa 2 na nusu usiku tulikuwa kwenye baa moja Saint-Genis. Zamu za visa zikaanza zenyewe, kama mara zote watu hawa wakikaa meza moja. Mwingereza aliwahi kufuta folda ya nyumbani ya profesa. Kaka na wenzake waliwahi kuhamisha rafu ya seva kwa lori bila kuandika diski ipi ilitoka wapi. Nikajisikia nasimulia ya kwangu: themanini, ubao, wiki ya kazi za wanafunzi. Nikaisema na ile hesabu.

Nilitegemea ukimya. Mwanamke wa Poland aliweka glasi chini.

"Mpaka ulipandisha hadi ngapi?"

"97."

"Sisi 98," akasema. "Na seva zilikuwa nne."

Nikapiga kichwani: hata 75 kwa seva nne, moja ikifa, inakupa mia kamili. Kaka akapiga meza kwa kiganja, akasema jambo kwa Kifaransa ambalo sitalitafsiri.

Juu ya kaunta televisheni ilikuwa ikionyesha Bunge la Ufaransa. Kura 331, serikali ya Michel Barnier imeanguka, zilihitajika 288. Mwenye baa hakuongeza hata sauti. "Angalau idadi yao ilitimia," Mwingereza akasema, na sisi wanne tukacheka mpaka watu wakatutazama. Ni utani wa kazini: Ceph nayo ina baraza lake dogo la waangalizi, na wasipokuwapo zaidi ya nusu hakuna linaloamuliwa, klasta nzima inakaa kusubiri.

Saa 5 kasorobo nikawa chumbani. Nakala zilizopungua zilikuwa zimebaki asilimia 0.2. Nikamwandikia mwenzangu akalale, diski mpya tutaiweka Ijumaa, hakuna haraka. Kisha nikamwaga mifuko ya koti kitandani, nikaikuta adapta ya kaka. Chumbani haina kazi, soketi hapa zinaipokea plagi yangu bila ubishi. Nikaiweka juu ya viatu nisije nikaisahau asubuhi, nikatuma ujumbe wa sauti kwa mama kwamba fulana mbili zilitosha.