Ndoo ya ukubwa gani? Siku moja maishani mwangu nikijifunza kuandikia gazeti

Saa 11:00 alfajiri
Pantoni ya kutoka Kigamboni imenishusha Magogoni giza halijaondoka. Kutoka kivukoni hadi Soko la Samaki Feri ni mwendo mfupi kwa miguu, na harufu inakupokea kabla hujaliona soko lenyewe. Ni Julai, upepo wa kusi umekaza. Jana jioni mhariri wa habari alinitumia ujumbe: "Nenda Feri, nasikia samaki wamepanda bei. Maneno 300, niyapate kabla ya saa 6 mchana." Huu ni mwezi wangu wa pili wa mafunzo kwa vitendo katika gazeti moja la Kiswahili hapa Dar es Salaam, na sijawahi kutumwa peke yangu.

Saa 12:00 asubuhi
Mnada umechangamka. Dalali anataja bei kwa kasi hata wewe mgeni hujui nani kanunua na nani kaachwa. Chuoni tulikaririshwa maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Nikayauliza yote. Nahodha mmoja akanieleza kwamba wenye vyombo vidogo hawathubutu kutoka upepo ukiwa hivi. Isitoshe, wiki hii ni ya mbalamwezi, na wanaovua kwa taa hawafui dafu kwa sababu mwanga wao hauonekani kitu mbele ya mwezi. Nikaandika bei kutoka kwa watu watano, nikachukua maelezo ya ofisa wa soko pamoja na jina na cheo chake. Nikaondoka nikiwa na furaha, daftari limejaa.

Saa 4:00 asubuhi
Kikao cha asubuhi kimekwisha, nimekaa kuandika. Nilianza hivi: "Samaki ni kitoweo muhimu kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam." Mhariri akasimama nyuma yangu, akasoma.

"Mdogo wangu, hilo nani halijui? Kipya ni kipi?"

Kipya nilikuwa nimekizika aya ya nne. Akanieleza kwa nini habari huandikwa kama piramidi iliyopinduliwa, zito juu na jepesi chini. Chuoni nililichukua kama jambo la mtihani tu. Kumbe lina sababu ya kikazi kabisa: tangazo likiingia jioni, msanifu wa kurasa hukata habari kuanzia chini, na hana muda wa kukuuliza ulificha wapi jambo lako. Pia wapo wasomaji wanaolisoma gazeti wakiwa wamesimama tu mbele ya meza ya muuza magazeti, na wao huishia aya mbili za kwanza.

Kisha akaweka kidole kwenye bei. "Ndoo ya ukubwa gani?"

Sikuwa na jibu. Kati ya wale watano, wawili walinitajia bei ya ndoo, wawili bei ya kilo, mmoja bei ya fungu. Na ndoo pale sokoni kuna ya lita 10 na ya lita 20. Nilikuwa nimezilinganisha kana kwamba ni kipimo kimoja. Nikapiga simu. Watatu walipokea, wakanifafanulia vizuri. Bei za wale wawili wengine tukaziondoa, kwa sababu gazeti likishachapwa huwezi kulifuata mitaani ukalirekebisha. Habari ikabaki maneno 210, na kila neno lilikuwa na mtu nyuma yake.

Saa 7:00 mchana
Nikadhani nimemaliza na samaki. Mhariri wa makala akaniita. "Habari yako ina makala ndani yake. Wale mama wanaokaanga samaki wanaishije wiki kama hii? Niandikie maneno 900 ya Jumapili."

Nikafungua daftari. Kuhusu mama niliyeongea naye asubuhi nilikuwa nimeandika hivi tu: "Muuzaji wa 4, anakaanga, bei juu." Basi. Sikuandika alikuwa akifanya nini mikononi wala alisema kwa sauti gani. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila anayeanza kazi hii aambiwe mapema: aina ya maandishi huanza kuamuliwa pale unapouliza maswali. Ukiwa umeuliza maswali ya habari, ukirudi ofisini hata uwe na kalamu nzuri namna gani, makala huna.

Saa 8:00 mchana
Nimerudi Feri. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umesahau kitu, mwanangu? Hebu kaa upande huu, moshi utakuumiza macho."

Nilikaa karibu saa mbili, na kwa muda mrefu sikuuliza chochote. Nikaona kwamba hauzi tena samaki wake, kibua, akiwa mzima. Anampasua kwa urefu, anatia chumvi, anamlaza kwenye karai upande wa ngozi kwanza, maana akianza na nyama anavunjika. Nilipomuuliza kwa nini anapasua, alitazama nje, kwenye foleni ya makuli waliokuwa wakishusha mizigo.

"Hao ndio wateja wangu. Nikiuza mzima hawamudu. Kuli atakula ugali mtupu, halafu ainuke akabebe tenga la samaki."

Niliandika maneno yake vilevile, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali. Kwenye habari kauli hiyo ningeipandisha juu. Kwenye makala nataka msomaji aifikie akiwa ameshakaa na huyu mama, ameshaona kisu kinavyopita mgongoni mwa samaki.

Saa 11:00 jioni
Meza yangu inapakana na ya Mzee anayesimamia barua za wasomaji na ukurasa wa mashairi. Wapo wanaodhani ukurasa ule ni wa kujazia nafasi. Mimi naona ni miongoni mwa mambo yanayolifanya gazeti la Kiswahili liwe la Kiswahili. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza 1923, lilichapisha mashairi, na hadi leo msomaji akiudhika anaweza kujibu kwa beti. Mzee alikuwa akihesabu mizani, yaani silabi, ya shairi la tarbia lililotumwa: mistari 4 kila ubeti, mizani 16 kila mstari, 8 kwa 8. Akaniuliza kichwa cha habari yangu.

"Upepo wa kusi umesababisha kupanda kwa bei ya samaki katika Soko la Feri."

"Hesabu."

Nilihesabu silabi kwa vidole hadi vidole vikaisha, nikaanza upya. Akaniambia niuondoe mnyororo ule wa "umesababisha kupanda kwa" na nitumie kitenzi kimoja chenye kiambishi cha wakati -a-, kama vichwa vya habari vinavyotumia mara nyingi. Tukafika hapa: "Upepo wapandisha bei ya samaki Feri." Kichwa kimetosha kwenye safu mbili, na hakuna kilichopotea.

Saa 1:00 usiku
Niliomba kukaa pembeni ya mwandishi wa tahariri. Sikuandika, nilitazama tu. Hakuna "mimi" wala jina la mwandishi, kwa kuwa linaloongea ni gazeti lenyewe, na lazima mwisho wake mtu fulani aambiwe afanye nini. Alifuta sentensi moja mara tano kwa sababu ilikuwa inalaumu bila kumtaja anayepaswa kuchukua hatua.

Saa 2:15 usiku
Tangazo limeingia. Msanifu akakata aya zangu mbili za mwisho. Nikaisoma habari iliyobaki kwenye kioo chake: imesimama.

Saa 3:00 usiku
Kwenye pantoni nimepata nafasi ya kuegemea. Mwezi uko juu ya maji, mweupe kabisa, na kwa upande wa bahari sioni taa hata moja ya mvuvi. Nimefungua daftari ukurasa mpya, nimeandika mstari wa kwanza wa makala: "Kisu huanzia kichwani, hushuka taratibu hadi mkiani, na kibua mmoja akawa wawili."