Kabureta ya trekta la nyasi: nimenunua mbili, nimefunga moja

Jumamosi, 4 Mei 2024. Columbus, Ohio

Trekta langu la kukatia nyasi, lile la kukalia na kuendesha, lina injini ya Briggs & Stratton ya silinda moja. Leo linawaka nikivuta choki tu, kile kizibo cha kupunguza hewa. Nikiirudisha, linaanza kuhema: mlio unapanda, unashuka, unapanda tena, kisha kimya. Petroli ilikaa ndani tangu Oktoba, uvivu wangu mwenyewe. Petroli ya huku Marekani kwa kawaida huchanganywa na etanoli, hadi asilimia 10, na etanoli hunywa unyevu.

Nilimrekodia mjomba huo mlio nikamtumia kwa WhatsApp. Yeye ni fundi pikipiki Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Jeti imeziba hiyo, mjomba. Usikimbilie dukani, fungua bakuli."

Nikafungua kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa: bakuli ni kikombe cha petroli chini yake, jeti ni kitundu kinachoipitisha. Chini kulikuwa na unga mweupe kama chumvi. Nilichomoa jeti, nikapitisha uzi mmoja wa waya wa shaba (sindano ya chuma hupanua tundu, usithubutu), nikapuliza. Liliwaka likatulia. Nilikata nusu ya uwanja nikijiona fundi.

Jumamosi, 11 Mei

Limerudia. Na sasa petroli inadondoka hata injini ikiwa imezimwa. Pale inapokaa sindano ya floti (boya linaloisukuma sindano hiyo kufunga petroli bakuli likijaa) pamelika, na palipolika hapasafishiki. Nilichomoa kijiti cha oili nikanusa: petroli. Maana yake oili nayo imwagwe, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi chuma.

Hapo nikafanya kosa la wiki. Niliagiza kabureta ya dola 23 kwa kulinganisha picha. Ilipofika, mdomo wa petroli umeelekea upande mwingine na plagi ya waya wa solenoidi (vali ya umeme inayofungulia petroli) haiingiliani na yangu. Kwa macho, kabureta hizi zote ni mapacha.

Kumbe jibu lilikuwa limegongwa kwenye bati la injini muda wote: namba ya modeli, ya aina na ya tarehe. Modeli yangu inaanza na 31, yaani ukubwa wa injini ni inchi za ujazo 31, karibu sentimita za ujazo (cc) 500. Lakini modeli peke yake haitoshi. Injini mbili za modeli moja zinaweza kutoka kiwandani na kabureta tofauti, ndiyo maana namba ya aina lazima uiandike yote. Ya tarehe inaanza na mwaka, mwezi na siku. Niliingiza zote tatu kwenye orodha ya vipuri, nikapata namba ya kipuri, nikaagiza kwa namba hiyo. Ghali zaidi, ila imekuja na gasketi zake, vile vipande vya kuziba maungio.

Jumamosi, 18 Mei

Nilitoa waya hasi wa betri, nikabana mpira wa petroli, nikaondoa nyumba ya filta ya hewa. Bolti zilitoka bila ugomvi. Kazi ipo kwenye vifimbo na springi za gavana, kidhibiti cha kasi ya injini. Nilipiga picha kabla ya kufungua, halafu nikagundua kidole gumba changu kimeiziba springi ndogo, ile hasa niliyoihitaji. Ikabidi nisome mikwaruzo kwenye matundu: lenye chuma kinachong'aa ndilo lililokuwa likitumika. Usibahatishe hapa. Springi ikikaa tundu lisilo lake, injini inaweza kukimbia kuliko inavyopaswa, na visu vipo chini ya makalio yako.

Kabla ya kufunga nilijaribu solenoidi: ufunguo ukiwashwa ipate volti 12, ilie tik na kuvuta kijiti chake ndani. Isipolia, petroli haipiti, na utailaumu kabureta mpya bure. Ikalia. Nikafunga gasketi mpya, filta mpya ya petroli, mpira mpya (wa zamani ulipasuka nilipoukunja), oili mpya.

Liliwaka mara ya tatu, bakuli lilipojaa. Nikarudisha choki polepole huku nimezuia pumzi mimi. Mlio ukabaki palepale.

Nimekata uwanja wote. Mjomba nimemtumia video, akauliza bei, nikamtajia, akanyamaza sekunde kadhaa. Ile ya dola 23 bado ipo kwenye boksi. Muuzaji anataka nilipie mwenyewe kuirudisha. Kazi inayofuata ni mkanda wa visu, umeanza kutoa nyuzi.