Likizo ya meli imetuangusha

Tumerudi kutoka safari ya meli ya kitalii na bado nina uchungu. Bandari ambayo watoto waliisubiri kwa hamu tuliiona kwa mbali tu. Pale hakuna gati la meli kubwa, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na upepo ulichafuka. Nahodha kughairi kwa ajili ya usalama, hilo nalikubali kabisa. Kilichoniuma ni kurudishiwa ada ya bandari peke yake, eti mkataba wa tiketi unaruhusu kubadili njia. Intaneti, soda, hata bahashishi ya kila siku kwa kila kichwa, watoto wakiwemo, vyote juu ya nauli! Maskini mama yangu alishinda kwenye chumba kisicho na dirisha, kichefuchefu kimemkaba. Mnaopanga kwenda na wazee, ulizeni mapema bandari zipi zina gati.